"Si Akate Rufaa!"

Kuna sentensi moja nimeichoka. Naisikia kijiweni, naisikia kwenye daladala, naisikia ndani ya chumba cha habari na kwa waheshimiwa wenye magari yao. Sentensi yenyewe ni hii: "Kama ameonewa, si akate rufaa!"

Ikishatamkwa hiyo, mjadala umekwisha. Kila mtu anarudi kwenye kahawa yake roho ikiwa safi. Mwenzetu ana miaka 30 jela, au bibi fulani ametolewa kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, lakini sisi tumeshamaliza. Si kuna rufaa bwana?

Siku moja nilikuwa nafuatilia kesi kwenye mahakama fulani ya wilaya. Kwenye korido alikaa mama mmoja amejifunika khanga, mwanawe ametoka kupigwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kijana alikuwa ameshapakiwa kwenye karandinga. Askari mmoja, na nakiri alikuwa na moyo mzuri, akamwambia, "Mama usilie, si mnakata rufaa." Yule mama akafuta machozi, akamuuliza, "Inakatwa wapi mwanangu?" Askari akanyoosha kidole kwenye mlango wa masjala. Mlango ulikuwa umefungwa. Watu wamekwenda kula.

Swali la yule mama halijanitoka kichwani hadi leo. Inakatwa wapi? Na inakatwaje? Leo naomba tuichukue hiyo sentensi yetu tamu, tuipasue, tuone ndani kuna nini. Msimamo wangu nautangaza mapema ili asiwepo wa kusema nimemzunguka: rufaa katika nchi hii ni haki ya kila mtu kwenye Katiba, ibara ya 13, lakini kwa vitendo ni haki ya mwenye karatasi nzuri, mwenye kalenda na mwenye wakili. Mbaya zaidi, mahakama yenyewe ikikosea, anayelipa si mahakama.

Haya, twende taratibu.

RUFAA SI KESI YA PILI

Wengi wetu tunadhani rufaa ni kesi inayorudiwa. Kwamba mtu anakwenda mbele ya jaji mkubwa zaidi, anaeleza kisa chake upya, mashahidi wanaitwa tena, na yule aliyedanganya mara ya kwanza safari hii ataumbuka. Sivyo kabisa ndugu zangu.

Kwenye rufaa haisimamishwi shahidi kizimbani, labda kwa nadra sana mahakama iruhusu ushahidi mpya. Wanachokaa nacho majaji ni karatasi. Kuna mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa na hakimu siku mashahidi walipokuwa wakizungumza. Kuna vielelezo. Kuna hukumu. Na kuna sababu za rufaa zilizoandikwa na mrufani. Basi. Mahakama ya Rufani wanakaa majaji watatu, wanasoma, wanasikiliza hoja za pande mbili, wanaamua.

Kuna utaratibu wa miaka mingi, tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977 na sisi kuanzisha ya kwetu mwaka 1979. Utaratibu unasema mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ila ikumbuke kwamba haikuwaona mashahidi wakiongea. Ukifika rufaa ya pili mambo yanabadilika. Hapo hoja ni za kisheria. Kama mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya yaliyotokea, ya juu haiingilii mpaka ione kwamba zilipotoka vibaya katika kuusoma ushahidi.

Kipimo nacho si kimoja. Kwenye jinai Jamhuri inatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Kwenye madai inatosha upande mmoja uwe na uzito kuliko mwingine. Kwa hiyo jaji wa rufani anayesoma jalada la jinai anatafuta ule ufa wa shaka, na anayesoma la madai anaangalia mizani imelala upande gani.

Sasa ona palipo na mtego. Kwenye rufaa, kitu ambacho hakikuandikwa hakikutokea!

Mfano. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi ambao mpaka leo unatajwa kwenye kesi za unyang'anyi wa usiku. Ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko tunavyodhani, na hautakiwi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kufananisha uwe umeondolewa. Shahidi alimwona mtu kwa umbali gani? Kwa muda gani? Mwanga ulikuwa wa nini? Alikuwa akimfahamu kabla? Ni uamuzi mzuri, umeokoa watu wengi. Lakini ili umwokoe yule kijana wa kwenye karandinga, lazima maswali hayo, au ukosefu wake, uonekane kwenye karatasi. Na kijana yule hakuwa na wakili wa kuuliza, "Shahidi, hicho kibatari chako kilikuwa wapi?" Aliambiwa amuulize shahidi maswali, akasema, "Huyu ananisingizia." Ndicho kilichoandikwa.

Ongeza na lugha. Kwa miaka mingi shahidi ameongea Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza. Mshtakiwa akihukumiwa anapelekewa gerezani nakala ya maneno yake mwenyewe yakiwa kwenye lugha asiyoijua, aandike amekosewa wapi. Ilibidi tufike mwaka 2021, miaka 60 baada ya Uhuru, ndipo sheria ikabadilishwa na Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya mahakama. Januari mwaka huo Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma aliandika hukumu kwa Kiswahili, ikawa habari ya nchi nzima, na Februari Rais Magufuli akampandisha kuwa Jaji wa Rufani. Nilifurahi kama wengine. Lakini jiulizeni jamani: hivi ni nchi gani ambayo jaji akiandika hukumu kwa lugha ya wananchi inakuwa habari ya ukurasa wa kwanza?

KALENDA

Tuseme karatasi iko sawa. Sasa tuhesabu siku.

Umefungwa na mahakama ya wilaya kwenye kesi ya jinai? Una siku 10 tu kutoa taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, na siku 45 kuleta rufaa yenyewe, ukitoa muda wa kusubiri nakala. Kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo? Siku 30. Ni mgogoro wa ardhi kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Siku 45. Ni madai ya kawaida kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu? Siku 90. Unatoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani? Taarifa siku 30, na kama ni madai, kumbukumbu nzima ya rufaa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo.

Kumi, thelathini, arobaini na tano, sitini, tisini. Ingekuwa bahati nasibu tungesema mtu ajaribu!

Angalia wenyewe. Mwenye shamba linalogombaniwa ana siku 45 za kufikiri. Aliyetupwa jela miaka 30, ambaye jana yake amelala sakafuni kwenye chumba kilichojaa, hajui nyampara ni nani wala barua inaandikwa kwa nani, yeye ana siku 10. Naomba mwanasheria mmoja anieleze mantiki ya hilo. Najua kuna ruhusa ya kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu za kutosha. Lakini hayo ni maombi mengine, na kiapo kingine, na siku nyingine ya kusikilizwa. Mfungwa anaweza kukaa miaka akisubiri kuamuliwa kama aruhusiwe kuchelewa, hata rufaa yenyewe haijaguswa.

Na kuna jambo linanichekesha huku linaniuma. Fungua mwenendo wa kesi, nenda ukurasa wa mwisho. Chini ya adhabu utakuta kamstari kamoja, miaka nenda rudi kameandikwa kwa Kiingereza, kanakosema haki ya rufaa imeelezwa. Imeelezwa! Niliwahi kusikia maelezo yenyewe kwa masikio yangu. Hakimu alisema, "Haki ya rufaa ipo wazi," akafunga faili. Hayo ndiyo maelezo.

KOSA LA NANI, ADHABU YA NANI?

Hapa ndipo naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo penye uchungu wenyewe.

Kuna makosa ambayo mtuhumiwa hayafanyi. Hayafanyi na mlalamikaji pia. Yanafanywa na mahakama. Hakimu amesahau kuandika kwamba amemtia mshtakiwa hatiani kabla ya kutaja adhabu. Jaji wa kesi ya mauaji hakuwafafanulia wazee wa baraza mambo ya kisheria kama ilivyotakiwa. Hukumu ndogo ya madai ina tarehe tofauti na hukumu kubwa, au imesainiwa na ofisa asiyestahili.

Ukaguzi wa rufaa unakuta kosa. Vizuri, ndiyo kazi yake. Halafu nini kinatokea?

Kwenye jinai, kwa miaka mingi jibu limekuwa: mwenendo unabatilishwa, kesi irudi ikasikilizwe upya. Soma hiyo tena taratibu. Mtu amekaa mahabusu miaka akisubiri kesi ya mauaji. Amehukumiwa kunyongwa. Amekaa akisubiri rufaa. Siku ya rufaa anaambiwa ana bahati, jaji alikosea jinsi ya kuongea na wazee wa baraza. Anashangilia. Kisha anaambiwa arudi mahabusu akaanze moja! Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, sasa si lazima tena kesi hizo kusikilizwa na wazee wa baraza. Maana yake kitu kilichowarudisha watu mahabusu miaka yote ile kilikuwa kitu ambacho nchi iliweza kuishi bila hicho. Nani aliwaomba radhi?

Naijua hoja ya mawakili wa Serikali. Watasema upo uamuzi wa mwaka 1966 unaosema kesi isirudiwe kama kurudiwa kwake kutaupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake. Ni kweli upo, ni uamuzi wa haki na majaji wetu wanaufuata. Lakini uamuzi huo unamlinda mtu na matundu ya mwendesha mashtaka. Haumlindi na matundu ya mahakama.

Na msidhani natetea watuhumiwa peke yao. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ilibadilishwa, ikataka mtoto mdogo asiyekula kiapo aahidi kwanza kusema kweli na si uongo. Sentensi moja tu. Hakimu ndiye anatakiwa ahakikishe imesemwa na imeandikwa. Tangu hapo zimeamuliwa rufaa za ubakaji ambamo hakimu hakufanya hivyo, ushahidi wa mtoto ukawekwa kando, na aliyefungwa akatoka. Mtoto alikwenda mahakamani. Alisimama mbele ya wanaume wazima akaeleza asichoweza kukieleza mtu mzima. Alifanya kila alichoambiwa. Mtu mzima mmoja, anayelipwa mshahara, akasahau mstari. Nani alipata hasara? Si hakimu, alishahamishiwa kituo kingine huenda na cheo juu.

Kwa hiyo wale mnaosema "majaji wamehongwa" kila mtu anapoachiwa, hebu tulieni. Mara nyingi hakuna rushwa yoyote pale. Kuna karatasi mbovu. Jaji wa rufani hana ruhusa ya kumfunga mtu kwa karatasi mbovu, na mimi sitaki awe nayo. Ninachouliza ni kwa nini ubovu wa karatasi ya Serikali uwe mzigo wa mtoto huku na mzigo wa mfungwa kule, na Serikali yenyewe ikatoka mikono mitupu haidaiwi hata shilingi.

NYUMBA NAYO

Kwenye madai watu hawanyongwi, lakini wanamalizwa vilevile.

Chukua mfano wa mjane aliyeshindwa Mahakama Kuu kwenye kesi ya nyumba. Anaambiwa, kama kawaida, akate rufaa. Anatoa taarifa ndani ya siku 30, amejitahidi. Anajua sasa nyumba iko salama mpaka majaji watatu waamue. Wapi! Taarifa ya rufaa haizuii chochote. Inabidi apeleke maombi mengine ya kuzuia utekelezaji, tena ndani ya siku 14 tangu apate taarifa kwamba hukumu inakaziwa, na aonyeshe dhamana kwamba akishindwa mwenzake atalipwa. Dhamana ya nini, wakati mali yake yote ndiyo hiyo nyumba? Huku anatafuta, dalali wa mahakama yuko getini na vijana wake wa kubeba vitanda.

Na zile siku 60 za kuleta kumbukumbu? Nakala za mwenendo anazitoa Msajili. Zikichelewa, muda wa kusubiri unaondolewa kwenye hesabu. Sawa. Lakini ni kama tu aliandika barua ya kuziomba ndani ya siku 30, na nakala ya barua hiyo akampelekea mpinzani wake. Asipompelekea mpinzani, ucheleweshaji wa mahakama unakuwa ucheleweshaji wake yeye. Wakili mzoefu analijua hilo akiwa usingizini. Mjane wa watu atalijulia wapi?

Tuwe wakweli, kuna yaliyorekebishwa. Mwaka 2000 Katiba iliongezwa ibara ya 107A, inayoziagiza mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Lakini ilichukua hadi mwaka 2018, miaka 18, ndipo Bunge likaandika kanuni hiyo ndani ya sheria ya rufaa yenyewe, na majaji wakaanza kwa kasi kuziokoa rufaa ambazo zamani zingefutwa kwa nukta. Mwaka 2023 ikaondolewa pia haja ya kuomba kibali kwanza kabla ya kukata rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufani. Pongezi zao. Ila kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako ndiko wanakokwenda walalahoi, bado inatakiwa ipate hati ya Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria. Na Mahakama ya Rufani yenyewe imesema zaidi ya mara moja kwamba kanuni ya mwaka 2018 si dawa ya kila ugonjwa. Aliyechelewa amechelewa.

"KWA HIYO UNATAKA WAHALIFU WAACHIWE?"

Najua swali hili linakuja, nimeshalipata mara nyingi kwa jamaa zangu. Jibu ni hapana. Nataka aliyefanya afungwe kwa karatasi isiyovunjika, na asiyefanya atoke mapema, si baada ya nywele kuota mvi.

Mnakumbuka kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe? Sizungumzii hapa nani alifanya nini, na makosa waliyoshtakiwa kwayo ni mazito yanayohusu watoto wadogo. Nazungumzia tarehe. Walihukumiwa kifungo cha maisha Juni 2004. Mahakama Kuu ikatupa rufaa yao Januari 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikasoma jalada lilelile, ikamwacha ndani baba na mwanawe Papi Kocha, na ikawaachia watoto wake wawili kwa sababu ushahidi haukuwatosha. Jalada lilelile! Kama ushahidi haukuwatosha mwaka 2010, haukuwatosha pia mwaka 2004. Hiyo ni zaidi ya miaka mitano ya ujana wa watu wawili. Na hawa walikuwa maarufu, wana mawakili, magazeti yanaandika kila siku. Sasa mfikirie asiye na jina.

Waliobaki waliomba Mahakama ya Rufani ijirudie, wakakataliwa mwaka 2013. Walitoka Desemba 9, 2017 kwa msamaha wa Rais. Na Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapohapo Arusha, ikasema sehemu ya haki yao ya kujitetea ilikuwa imekiukwa.

Hiyo ya Arusha ndiyo inayonipandisha hasira. Tanzania tulijifunga Machi 2010 kwamba raia mmojammoja anaweza kwenda pale moja kwa moja. Wafungwa wetu wakaugundua huo mlango kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Novemba 2015, kwa mfano, mahakama hiyo ilimpa ushindi mfungwa mmoja wa Kilimanjaro aliyekuwa na miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakuwa amepewa msaada wa kisheria na sehemu ya kesi yake ilikwenda yeye akiwa hayupo. Alikuwa amefungwa tangu mwaka 1998, na ngazi zote za rufaa za nyumbani alizipanda. Hazikuliona hilo!

Nchi yenye aibu ingesema, kumbe ukaguzi wetu una tundu, tulizibe. Sisi tukafanya nini? Novemba 2019 tukajitoa, na kuanzia Novemba 2020 mlango ukafungwa kwa malalamiko mapya ya wananchi. Daktari ametuambia tuna ugonjwa, tukamfukuza daktari. Jengo la mahakama hiyo liko kwenye ardhi yetu, watu wa Malawi wanaweza kwenda wenyewe kulalamika, sisi wenyeji tunapita nje tukielekea sokoni.

NINACHOTAKA MIMI

Sipendi kulalamika halafu niondoke. Haya hapa.

Kwanza, siku 10 zife. Anayehukumiwa kifungo atamke pale pale kizimbani kama anataka rufaa au hataki, hakimu aandike, na maandishi hayo yawe ndiyo taarifa yake. Kalamu iko mkononi, itagharimu nini?

Pili, muda wa rufaa kwenye kesi zote uanze siku mtu anapokabidhiwa nakala ya hukumu na mwenendo. Bila barua, bila hati. Mahakama ikichelewa, hesabu yake isimguse mtu mwingine.

Tatu, kesi ikibatilishwa kwa kosa la mahakama, miaka aliyokwisha kukaa mtu ihesabiwe kwa sheria, si kwa hisani ya jaji mwenye huruma. Na uwekwe ukomo. Serikali iliyoshindwa kumshtaki mtu ipasavyo kwa miaka kadhaa haistahili kupewa mwingine na mwingine.

Nne, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ifuatwe mpaka kwenye rufaa, si ionekane kwenye makongamano tu. Kama mtu ana miaka 30 mgongoni, awe na wakili wa kulisoma jalada lake hata kama ni kwa saa mbili.

Tano, turudi Arusha.

Na sita ni letu sisi waandishi. Tunajaa mahakamani siku ya hukumu, tunapiga picha ya pingu, tunaandika "ATUPWA JELA MIAKA 30" kwa herufi za kutisha. Rufaa ikisikilizwa miaka sita baadaye, mtu akiachiwa, hatupo. Jirani zake wanaendelea kumwita jambazi mpaka anazikwa. Na mimi nimo, sijitoi. Nina vichwa vya habari vyangu vya namna hiyo, na kuna ambavyo mpaka leo sijafuatilia viliishia wapi. Nimeanza kuvipitia kimoja kimoja.

Yule mama wa kwenye korido alisubiri masjala ifunguliwe. Nilimwacha pale, nilikuwa nawahi kupeleka habari ya mwanawe kabla gazeti halijafungwa. Habari ilitoka. Ilikuwa na maneno 200 hivi, na mstari wa mwisho nakumbuka niliuandika mimi mwenyewe bila hata kufikiri: "Mshtakiwa ana haki ya kukata rufaa."

Naomba kutoa hoja.